Hesabu ya Mlo wa Jioni

Usiku ule daftari nililishika mimi,
kwa sababu mwandiko wangu unasomeka
na kwa sababu Mama Nsimire alisema: mpeni asiyekunywa.

Meza kumi na nne, ukumbi wa parokia, Kadutu juu.
Vitambaa vya kuazima, viwili vina kovu la pasi.
Tiketi dola kumi na tano kwa anayeweza,
franga elfu tano kwa asiyeweza,
na hao wa mwisho ndio waliofika saa iliyoandikwa.

Daktari Namegabe akasimama kueleza sera ya maji.
Alitamka "sera" mara nyingi
hata mtoto wa meza ya nne akauliza kama inaliwa na bugali.
Akatuonyesha kwa kijiti ramani ukutani:
buluu ni mabomba yaliyopo,
nyekundu ni yaliyoahidiwa.
Nyekundu ilipanda kila kilima,
ikapita Cimpunda, ikakata kona kwa mama yangu,
ikaingia hadi jikoni mwake.
Ukutani, kwa kweli, tulikuwa na maji mengi.

Sambaza zilikuwa zimeliwa. Sombe ilikuwa imeliwa.
Ndipo Mama M'Lubala akanijia na mikono ya unga,
akaninong'oneza: sahani themanini,
na bomba limekohoa tangu saa kumi, halitapiki kitu.

Dirishani ziwa lilikuwa palepale,
pana, limelala na taa za Nguba kifuani,
jirani tajiri asiyeitikia hodi.

Tukampigia Cikuru.
Akaja na vijana wawili, bidoni kumi na mbili za njano,
kwa ile njia ya ngazi, ngazi mia mbili na sita
(nilizihesabu utotoni, nyingine zimebomoka tangu hapo).
Mlango wa nyuma ulizibwa na jenereta,
basi wakapita katikati yetu,
kati ya kijiti cha daktari na ramani yake,
na nyekundu yote ikawapita mgongoni.
Hotuba ikanyamaza.
Matone yakabaki sakafuni, mstari mmoja
toka mlangoni hadi jikoni.
Hakuna aliyeuita bomba.

Pale mlangoni Ansima alikuwa na meza yake ndogo,
orodha ya wapiga kura, kalamu tatu.
Baba, kadi yako unayo?
Cikuru akafungua mfuko wa plastiki,
kisha mfuko ndani ya mfuko,
akatoa kadi nyeupe kama jino.
Uso umekwenda. Jina limekwenda.
Nimebeba maji nayo kifuani, akasema,
yamenifua.
Tukacheka. Yeye hakucheka,
tukaacha.

Ansima akachukua kalamu nyeusi.
Niandike vipi?
Cikuru. Kwa C ya kwetu,
usiniandike kama wanavyonisoma ofisini.
Akaandika polepole, akampa daftari alitazame,
naye akalitazama kwa muda mrefu
huku kijana mmoja akimwita: mzee, twende, bado kwa padri.

Nilimlipa. Akahesabu noti mara mbili,
akarudisha mia tano kwenye kapu la michango,
lile lenye utepe,
akashuka.

Mapato nimeyaandika.
Matumizi nimeyaandika: samaki, mkaa, mafuta ya jenereta,
kukodi viti, na maji, bidoni kumi na mbili.
Jumatatu mwenyekiti akaomba maji niyaweke chini ya "mengineyo",
maana, alisema, wafadhili watasoma.
Nikamwambia wasome.
Akauliza risiti iko wapi.
Nikamwambia ilikauka sakafuni.

Sasa mkaguzi ananisumbua na jina moja:
Cikuru, matumizi, ukurasa wa tatu,
Cikuru, mchangiaji, ukurasa wa kwanza.
Anasema mtu hawezi kukaa pande zote mbili,
chagua moja, futa nyingine.

Kalamu ninayo.
Sifuti.